Ua wa nyumba ni shamba, usizibwe saruji

Kila mwaka Februari inapofika, joto la Kaskazi likiwa kali na maji ya visima yakiwa yamepungua, kazi mbili zinazopingana hufanyika katika mitaa ya Unguja. Wapo wanaochimba udongo wa uani, wakafukia samadi na kungoja mvua. Na wapo, hasa katika Mkoa wa Mjini Magharibi, wanaoita fundi, wakanunua saruji na kokoto, wakasakafu uwanja mzima kutoka mlangoni hadi kwenye ukuta wa mpaka ili Masika yakiingia wasikanyage tope. Kazi hii ya pili ndiyo yenye sifa siku hizi. Nyumba iliyosakafiwa huhesabiwa kuwa imekamilika, na mwenye kubakisha udongo hudhaniwa kuwa hajapata fedha za kumalizia.

Fikra hiyo ni ya hasara. Ua wa nyumba ni kipande cha shamba kilicho karibu kuliko vyote na jiko na soko, na miezi mitatu ya Masika, Machi hadi Mei, ndiyo inayoamua kama kitatoa kitu au hakitatoa. Anayeuziba hulipa mara tatu: humlipa fundi, hununua sokoni mwaka mzima mboga ambazo zingeota mlangoni pake, na mvua ikija hubeba pamoja na jirani zake mzigo wa maji yaliyokosa pa kwenda.

Hesabu za sensa zinaonyesha kwa nini jambo hili si dogo tena. Mwaka 2012 Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678. Sensa ya 2022 ilihesabu 893,169. Watu hao karibu laki tatu walioongezeka hawakuingia Mji Mkongwe, ambao hauna nafasi. Wengi wako Fuoni, Tomondo, Kisauni, Bububu na kwengineko, katika ardhi ambayo wazee waliijua kwa minazi, miembe na mihogo. Ardhi hiyo ni ya upande wa magharibi wa kisiwa, wenye udongo wa kina, kinongo na kichanga, usiofanana na uwanda wa mawe wa mashariki na kusini. Mkulima wa Jambiani, anayepanda muhogo wake katika vishimo vya udongo kati ya mawe, angesikitika kuona kinongo kizuri kikifunikwa kwa zege. Shamba limekwisha kuwa viwanja, na hilo halirudi. Kilichobaki cha shamba ni ule ua.

Ama maji, hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Chukua ua wa mita 10 kwa mita 10. Mvua ya milimita 50 kwa siku, ambayo si ajabu mwezi wa Aprili, humwaga humo lita 5,000, sawa na mapipa 25 ya lita 200. Udongo wa kichanga ulio wazi na wenye mimea hunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Sakafu hainywi kitu. Mapipa yote 25 hutoka mlangoni, hukutana na ya jirani, na njia ya mtaani ikageuka mto. Hapo bado hayajahesabiwa maji ya paa.

Si haki kusema kwamba saruji ya nyua ndiyo iliyoleta mafuriko ya Aprili 2005 au yale ya Mei 2017. Mvua za miaka hiyo zilikuwa kubwa, na mabonde yaliyokuwa yakipokea maji yamejengwa nyumba. Lakini kila ua unaozibwa huongeza mzigo wa mtaro uleule, na mtaro hujengwa kwa fedha za umma. Tena maji yanayotumiwa mjini hutoka chini ya ardhi. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyaleta mjini kwa bomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu, na hadi leo Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA) hutegemea visima na chemchemi. Kinachojaza hazina hiyo ni mvua inayozama. Mtu huziba ua wake Februari, kisha Januari ya pili akalalamika kwamba bomba halitoi maji.

Sasa anayebakisha udongo afanye nini nao? Hapa ndipo wengi wanapokosea, na makosa yao ndiyo yanayowapa hoja wale wa saruji. Ua ulioachwa bila ya kutayarishwa huwa tope na majani marefu kweli. Kazi ya Masika hufanywa kabla ya Masika, na Februari ndio mwezi wake. Udongo uchimbwe kina cha jembe na ndago zing'olewe pamoja na vitunguu vyake, maana ndago iliyokatwa juu hurudi na wenzake. Samadi iliyooza ichanganywe na udongo, wala si mbichi, kwa kuwa mbichi huunguza mizizi na huleta mbegu za magugu. Makumbi yakusanywe mapema: yakipangwa kuzunguka mashina huzuia matone makubwa yasipige udongo, na baada ya mvua huhifadhi unyevu. Matawi makavu ya miembe na makuti yanayoning'inia juu ya paa yakatwe kabla upepo wa Kusi haujaanza. Na mfereji wa paa usafishwe, uelekezwe kwenye pipa au kwenye migomba, usielekezwe kwenye msingi wa nyumba.

Mvua ya mwanzo mara nyingi hudanganya. Hunyesha siku mbili za Machi, watu wakapanda, kisha jua likawaka wiki mbili na miche ikafa. Wazee walikuwa na hesabu yao ya miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, siku ya mwaka wa jua ambayo Makunduchi huisherehekea kwa Mwaka Kogwa kila Julai. Leo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu, na mwenye redio au simu haupati kwa shida. Hata hivyo kipimo cha mwisho ni kuchimba kwa mkono: udongo ukiwa na unyevu hadi kina cha shibiri moja, panda, kama juu tu ndipo palipolowa, subiri.

Kinachopandwa mwanzoni mwa Masika ni vile vinavyotaka maji mengi ili vishike: migomba, mipapai, mindimu, mistafeli, mhina, asumini, muhogo, viazi vitamu na majimbi. Mgomba upewe nafasi ya mita tatu, si moja kama wanavyofanya wenye haraka, kwa kuwa miaka miwili haipiti kabla haujakuwa kichaka. Mpapai hauvumilii maji yaliyotuama, kwa hiyo upandwe juu ya kilima kidogo cha udongo. Mchicha na bamia vipandwe juu ya matuta yenye upana wa mita moja, ili mtu aweze kuchuma pande zote mbili bila ya kukanyaga udongo uliolowa. Hilo ni muhimu zaidi kwenye kinamo, ambacho kikikanyagwa kibichi hukauka kama tofali. Mchicha huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne, na tuta moja la mita tano, likipandwa kwa zamu nusu nusu, huitosheleza nyumba na kubakisha la kumpa jirani au kuliuza.

Tungule ndizo zinazowaumiza wengi. Mtu huona mvua, akafurahi, akapanda tungule Aprili. Mei majani yamejaa madoa na matunda yameoza kwa ukungu. Tungule zisubiri. Mbegu ziwekwe kwenye kitalu chenye paa la makuti mwezi wa Mei, zihamishwe Juni mvua zikiwa zimepungua, zikue katika baridi ya Kipupwe. Zitahitaji kumwagiliwa, lakini ndoo chache za maji ni rahisi kuliko dawa ya ukungu kila wiki. Na katika miezi ya mvua mwenye bustani asisahau konokono: waokotwe usiku kwa taa, hakuna dawa iliyo bora kuliko mkono.

Mbolea ya chumvichumvi nayo isitiwe siku ambayo mawingu yameshafunga. Itakwenda na maji, na fedha pamoja nayo.

Baada ya hapo lipo suala la soko, nalo kwa Unguja lina kalenda mbili. Mvua hufuata jua, sikukuu hufuata mwezi. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na hakuna mwezi unaopandisha bei ya muhogo, ndizi, majimbi na viazi vitamu kama huo. Ramadhani ya 2022 iliangukia Aprili, mvua ikinyesha. Ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi. Kuanzia 2027 hadi 2029 itaanza Februari au Januari. Muhogo unaopandwa Aprili hukomaa baada ya miezi minane hadi kumi na mbili, yaani kati ya Disemba na Aprili inayofuata. Kwa hiyo katika miaka hiyo Masika na futari vinapatana, na mwenye nafasi ya mashina 20 tu uani atakuwa na muhogo wa nyumbani wakati sokoni watu wanapigania fungu. Haihitaji elimu kubwa, inahitaji kuangalia kalenda mbili kwa pamoja kabla ya kushika jembe.

Biashara nyengine inayosahaulika ni ya maua. Kikuba cha asumini, mrehani na mkadi hakijatoka katika harusi za Unguja, na harusi nyingi hufanywa kabla ya Ramadhani na katika miezi ya mfunguo. Asumini hauhitaji eka. Mashina manne kando ya ukuta, yakipogolewa mwisho wa Masika na kutiwa samadi, hutoa vichwa vipya vyenye maua mengi. Vikonyo huchumwa alasiri kabla havijafunguka. Mwanamke anayetunga vikuba leo hulazimika kununua maua kutoka kwa wenye mashamba ya mbali, wakati mtaa wake mzima umesakafiwa. Mhina vilevile: majani yake yana mnunuzi kila mwezi wa harusi, na mti wenyewe ni ua mzuri wa mpaka kuliko ukuta wa matofali.

Wauza miche nao wana lao la kusahihisha. Wengi huanza kutia mbegu kwenye viriba pale mvua inapoanza, yaani pale mteja anapokuja. Mche wa mpapai huchukua wiki sita hadi nane kufikia kupandwa, na wa pilipili kama wiki tano au sita. Anayetaka kuuza katikati ya Machi, wakati kila mtu anatafuta, atie mbegu za mpapai mwishoni mwa Januari na vipandikizi vya asumini mapema zaidi. Anayechelewa huwa na miche mizuri mwezi wa Mei, mteja akiwa ameshajaza ua wake au ameshakata tamaa. Na asiuze miche peke yake. Polo la samadi iliyooza, mzigo wa makumbi yaliyokatwa, kazi ya kuchimba mashimo: vyote hivyo vina mnunuzi mjini, ambako mwenye nyumba hana ng'ombe wala muda. Vijana wenye mikokoteni wanaobeba kokoto Februari wangeweza kubeba samadi Februari hiyohiyo.

Wanaotetea saruji wana hoja, na si zote za kupuuzwa. Tope ni kweli, lakini linataka njia tu. Njia ya mawe au changarawe yenye upana wa mita moja kutoka mlango wa nje hadi wa ndani huacha sehemu kubwa ya ua wazi, na gharama yake haifikii ya kusakafu kote. Nyoka hupenda majani marefu na rundo la taka. Ua unaolimwa hauna vyote viwili. Kuhusu mbu, hapo saruji haina la kujisifia. Mbu anayeeneza homa ya dengi hutaga kwenye maji yaliyotuama: ndani ya vifuu, makopo, matairi, na kwenye mabonde ya sakafu iliyopigwa bila ya mteremko. Udongo wa kichanga hukausha dimbwi kwa muda mfupi. Mwenye kuogopa mbu aanze na vifuu vyake.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ya karo. Katika viwanja vidogo karo la choo liko uani humohumo, na si busara kupanda mchicha juu yake au kando yake. Mahali hapo paachiwe maua na mhina, na mboga za majani zipelekwe upande wa pili. Gari nalo linataka pa kusimama, lakini gari lina magurudumu manne na haliwezi kuwa sababu ya kuziba ua wote. Vipande viwili vya zege vya kupitia magurudumu vinatosha, katikati pakaota majani.

Mji Mkongwe una mambo yake. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, zilizoupatia mji nafasi katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, nyingi zina ua mdogo wa ndani ulio wazi juu, na baadhi zina visima na mabirika ya zamani ya kuwekea maji ya paa. Huko bustani ni ya vyungu. Lakini chungu kisiegemezwe ukutani, kwa kuwa maji yake huingia kwenye chokaa, na ukuta unaolowa mwaka mzima hudhoofika. Kupaka saruji juu ya chokaa ili kuficha unyevu ni kosa kubwa zaidi: unyevu hufungiwa ndani na jiwe likaanza kumung'unyika. Vyungu viinuliwe juu ya matofali, mbali kidogo na ukuta. Na kila Masika mtu apande darini aangalie miche ya mitini ya mwituni inayoota kwenye nyufa kutokana na mbegu zinazoletwa na ndege. Ikiwa na urefu wa kidole hung'oka kwa mkono. Ikiachwa miaka mitatu, mizizi yake huugawa ukuta, na fundi wa kuutengeneza hapatikani kwa bei ya mche.

Mamlaka zinazotoa vibali vya ujenzi zinaweza kusaidia bila ya kutumia fedha. Mchoro wa nyumba huonyesha vyumba, choo na karo. Uonyeshe pia sehemu ya kiwanja itakayobaki udongo, na mkaguzi anayekuja kuangalia msingi arudi kuangalia na hiyo. Thuluthi moja isingekuwa nyingi. Mabwana na mabibi shamba nao, ambao kazi yao imezoea mashamba ya Kizimbani na ya Wilaya ya Kati, wapewe siku za kupita Tomondo na Fuoni mwezi wa Februari, kwa kuwa huko sasa ndiko waliko watu.

Mwenye ua uliokwisha kuzibwa hana haja ya kuvunja wote. Aanze kando ya ukuta unaopata jua la asubuhi, avunje kipande cha mita moja kwa mita tano, achimbe kina cha mikono miwili kuondoa kifusi na udongo ulioshindiliwa, ajaze udongo mpya na samadi. Ni kazi ya siku mbili kwa fundi mwenye nyundo na patasi. Ifanywe kabla ya mwisho wa Februari, ili udongo upate wiki mbili za kutulia kabla ya mvua.